Nyongeza ya Mwoka Mikate

Mtaa ule haukuwa na haja ya jogoo. Harufu ya mikate ndiyo iliyowaamsha watu. Ilitoka kwenye chumba kimoja kirefu chenye tanuri la matofali, ikapita dirishani, ikakata kona, ikaingia majumbani mwa watu bila kupiga hodi.

Mwenye tanuri alikuwa mwanaume mrefu kupita kiasi. Miguu mirefu, mikono mirefu, kidevu laini kama cha mwanafunzi. Mtaani walimwita Mlingoti. Alipochungulia tanuri lake alijikunja kama kisu cha mfukoni. Hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mwenyewe alieleza sababu.

"Hasira hupanda kutoka tumboni kwenda kichwani," alisema. "Kwangu mimi safari ni ndefu. Inapoa njiani."

Mkewe aliuza mikate dirishani, na watu walimwita Bi Dirisha. Wanawake wenzake waliitwa kwa watoto wao: Mama fulani, Mama fulani. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa. Basi wakamwita kwa dirisha lake. Aliitika vizuri tu, kama jina lolote. Lakini Mlingoti, akiwa kule nyuma na unga mpaka viwikoni, alilisikia jina lile kila asubuhi. Na kila asubuhi lilimchoma kidogo.

Mlingoti alikuwa na desturi moja. Hakuivunja hata unga ulipopanda bei. Mchuuzi akichukua trei nzima ya skonzi, Mlingoti aliijaza mpaka pembeni, kisha akaweka skonzi moja zaidi juu yake.

"Hii ya nini tena?" mchuuzi mgeni aliuliza.

"Nyongeza. Ule njiani."

"Iko siku utamwongezea mtu na tanuri lenyewe," Bi Dirisha alimwambia. Lakini alisema huku anacheka. Alimpenda kwa mambo kama hayo.

Ndoa yao ilikuwa na miaka saba. Bi Dirisha alikuwa ameshapimwa kila kinachopimika: damu, mkojo, picha ya kizazi, picha ya mirija. Alikuwa amekunywa dawa za hospitali na dawa za majani. Kila alikokwenda aliambiwa maneno yale yale.

"Dada, hatuoni tatizo kwako. Mlete mumeo tumpime na yeye."

Na kila alipoambiwa amlete mume, mume alikuwa na mikate ndani ya tanuri.

"Twende kesho," Bi Dirisha alimwambia.

"Kesho? Nani ataangalia mikate? Itaungua."

"Keshokutwa, basi."

"Keshokutwa ndiyo balaa kabisa. Itaungua yote."

Akibanwa sana, alikuwa na jibu jingine.

"Kwani mimi nina tatizo gani? Humu ndani nimewahi kukuangusha?"

"Hujaniangusha."

"Basi!"

Na mazungumzo yakafia hapo.

*

Siku moja mama yake Mlingoti alifika na mfuko wake wa safari. Hakwenda chumbani. Alikaa juu ya gunia la unga, akalikalia kama kiti cha hakimu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akinong'ona, jirani wa tatu husikia.

"Mwanangu, nimekuonea msichana."

Mlingoti aliacha kukanda unga. Kule dirishani, Bi Dirisha naye aliacha kuhesabu mikate.

"Mama, mimi nina mke."

"Una mke, sawa. Una mtoto? Mimi sisemi umtimue. Arudi kwao kwa heshima zake. Familia ya binti nimeshazungumza nayo. Mwezi ujao tunapeleka posa."

"Mama, ngoja kwanza. Mikate inaungua."

"Kila siku mikate yako inaungua! Mbona tukila tunaikuta mibichi?"

Bi Dirisha aligeukia mteja aliyekuwa akingoja. Aliendelea kuuza. Lakini siku hiyo wateja wawili walirudishiwa chenji kupita kiasi, jambo ambalo halikuwahi kutokea dirishani pale.

Mlingoti hakuwa mtu wa kukaa bure. Yeye naye alikuwa akihangaika, ila kwa siri, na kwa njia zake mwenyewe. Wateja walikuwa wamemwambia kwamba joto la tanuri hupika mbegu za mwanaume. Akaamini. Si alikuwa amesimama mbele ya moto tangu ujana wake? Basi alinunua beseni kubwa kuliko yote sokoni. Kila alasiri, kazi ikiisha, alilijaza maji baridi nyuma ya nyumba, akavaa kaptura, akakaa humo. Magoti yalifika masikioni.

"Unafua nini humo?" Bi Dirisha alimwuliza siku ya kwanza.

"Najipoza."

"Haya. Ukishapoa niambie nikuanike."

Siri ya pili hakumwambia hata mkewe. Jirani mmoja, mnyanyua vyuma, aliyeitwa Kifua, alikuwa akimuuzia sindano za nguvu. Zilikuwa kwenye vichupa vidogo visivyo na maelezo. Kifua mwenyewe ndiye aliyemdunga. Na Mlingoti aliona mabadiliko! Kidevuni zilianza kuota ndevu. Hazikuwa nyingi, lakini kila moja aliijua. Uchovu wake wa siku zote ulipungua. Magunia ya unga yaliyokuwa yakimtoa jasho, sasa aliyabeba huku anapiga mluzi.

"Dawa inafanya kazi," alijiambia. "Mwezi ujao mama atakuta habari nyingine."

*

Katika wateja wa Bi Dirisha alikuwemo muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya. Aliishi peke yake, na mkate mzima ulimwotea ukungu kabatini. Kwa hiyo kila siku alinunua nusu. Wakamwita Sista Nusu. Kazi yake ilikuwa kwenye kliniki ya wenzi wanaotafuta mtoto, lakini hakuwa mtu wa kufuata wateja wa hospitali majumbani. Siku hiyo alifuata nusu mkate wake tu. Alikuta dirisha limefungwa, akasikia sauti nyuma ya nyumba, akazunguka.

Akamkuta Mlingoti ndani ya beseni.

"Sista! Usije huku!"

"Nimeshakuja," alisema Sista Nusu. "Nimeona wagonjwa wa kila namna, lakini huyu wa kuloekwa ni wa kwanza."

Mlingoti alitaka kusimama. Akakumbuka kwamba kaptura yake ilikuwa imechanika nyuma. Akakaa tena, maji yakamwagika. Bi Dirisha alitoka jikoni na kisu mkononi na mkate kwenye ubao. Aliona mume wake hawezi kwenda popote. Akaona nafasi kama ile haitarudi tena.

"Sista, kaa kidogo," alisema, akavuta kigoda. "Leo bwana mkubwa hana mikate inayoungua. Mwambie ukweli. Haya maji yanaleta mtoto?"

Sista Nusu alimtazama Mlingoti. "Niseme?"

"Sema tu," Mlingoti alinung'unika. "Kwani naweza kukimbia?"

"Joto kali la muda mrefu linaweza kupunguza mbegu za mwanaume. Hilo si uongo. Lakini waokaji wangapi wana watoto? Wapishi wangapi? Joto peke yake huwezi kulitwisha miaka saba. Na beseni halionyeshi kilichoko ndani ya mwili wako. Kinachoonyesha ni kipimo."

"Lakini mimi sina shida, Sista. Mambo ya chumbani yako sawa. Muulize huyu."

"Sitamuuliza, nitaamini," alisema Sista Nusu. "Ila hayo ni mambo mawili. Nguvu za kiume ni jambo moja. Mbegu ni jambo jingine. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu za kutosha, na maji yake yakatoka kama kawaida, lakini ndani yake hamna mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua. Ni lazima yatazamwe kwa darubini. Na nikwambie kitu kingine. Katika wenzi wanaokosa mtoto, karibu nusu yao mwanaume naye ana sababu upande wake. Tunaanzia kwa mwanamke kwa sababu mwanamke ndiye anayekuja."

Bi Dirisha alikata mkate kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sista Nusu aliinuka kuchukua nusu yake. Hapo ndipo alipoona kichupa juu ya ukuta, kando ya taulo. Akakishika. Uso wake ukabadilika.

"Hiki ni cha nani?"

Mlingoti alitazama maji. Bi Dirisha alimtazama Mlingoti.

"Cha kwangu," alisema mwishowe. "Sindano za nguvu. Kifua ndiye ananidunga."

"Kifua ni daktari?"

"Hapana. Ana kifua."

"Ndugu yangu, sikiliza vizuri. Wewe ni mwoka mikate. Nikikuletea mikate ya kiwanda kila siku, nikakujazia kabati mpaka juu, utawasha tanuri?"

"La. Ya nini? Itakaa wapi?"

"Haya. Korodani zako ni tanuri. Zinatengeneza homoni ya kiume, na zinatengeneza mbegu. Ubongo ndio unaotoa amri: washa, oka. Sasa wewe unajidunga homoni kutoka nje. Ubongo unaona kabati limejaa. Unasema, zima tanuri. Likizimwa, hakuna homoni ya ndani, na hakuna mbegu. Unaota ndevu huku unazima moto."

Mlingoti alishika kidevu chake. Zile ndevu alizokuwa akizipenda aliziona zimemgeuka.

Bi Dirisha aliweka kisu chini. Hakupaza sauti.

"Mimi nimelala kwenye vile vitanda vya chuma sijui mara ngapi," alisema. "Nimeingizwa vyuma. Nimemeza vidonge vya kunitapisha. Wewe unaombwa kikopo kimoja tu cha kupima mbegu. Sasa mama yako anapeleka posa. Sawa, apeleke. Leo sikuombi mtoto. Naomba uingie mlango ule wa kliniki mara moja, ili nikifungasha nguo zangu nijue nafungasha kwa sababu gani."

Maji kwenye beseni yalikuwa yametulia kabisa.

"Niletee taulo," alisema Mlingoti. "Kesho tunakwenda."

"Na mikate?"

"Iungue."

*

Hospitalini alipewa kikopo chenye mfuniko na chumba chenye mlango usiofunga vizuri. Aliushikilia kwa mguu. Ndiyo siku pekee aliyoshukuru kwa urefu wa miguu yake.

Majibu yalitoka: hapakuwa na mbegu. Daktari wa kliniki, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, hakutoa hukumu.

"Kipimo kimoja hakitoshi," alisema. "Na wewe umejidunga vitu. Acha sindano zote. Tutakuwa tunakuangalia, na baadaye tutarudia."

Alimpima mwili. Aliuliza habari za utoto wake, za ndevu, za uchovu. Alipomaliza, alisema kwamba korodani zake ni ndogo na ngumu kuliko kawaida, na hilo halikuanza na sindano za Kifua. Akamtoa damu ya kupima homoni, na damu nyingine ya kupelekwa kwenye maabara kubwa.

"Hii nyingine ya nini, daktari?"

"Ya kuangalia maelekezo uliyozaliwa nayo. Majibu yake yanachelewa. Uwe na subira."

Lakini posa haikuwa na subira. Mama alirudi akiwa tayari na nguo mpya. Mlingoti alimketisha juu ya gunia lake.

"Mama, usiende. Nasubiri majibu."

"Majibu ya nani?"

"Yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mlingoti alimwona mama yake amekosa neno. Lakini ukimya haukudumu.

"Yako ya nini? Mimi nimekuzaa mzima! Nimehesabu vidole vyote, mikononi na miguuni!"

"Sijasema ulihesabu vibaya. Lakini ukinipelekea posa leo, binti wa watu atakuja kukaa dirishani hapa miaka mingine saba. Naye utamrudisha kwao kwa heshima zake? Mpaka umalize mabinti wa mji mzima?"

Mama alikunja nguo yake mpya, akairudisha mfukoni taratibu.

"Nitangoja," alisema. "Lakini siku ya majibu nakuja. Nataka huyo daktari anitazame usoni akiniambia mwanangu ana kasoro."

*

Siku ilipofika, daktari alimwuliza Mlingoti kwanza wakiwa wawili tu: je, angependa nani asikie? Majibu ni ya kwake, na siri ni ya kwake. Mlingoti alifikiri, akasema, "Waingie wote wawili. Mama yangu hata akibaki nje atasikia."

Wakaketi. Bi Dirisha upande mmoja, mama upande mwingine.

"Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli," daktari alianza. "Ndani ya kila seli kuna maelekezo ya kumjenga mtu: urefu wake, rangi ya macho, kila kitu. Maelekezo hayo yamefungwa katika vifurushi. Tunaviita kromosomu. Watu wengi wana vifurushi arobaini na sita. Kati ya hivyo, viwili vinahusu kuwa mwanamke au mwanaume. Mwanamke ana X mbili. Mwanaume ana X moja na Y moja. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," alisema mama, kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo.

"Huyu bwana ana Y yake, kwa hiyo ni mwanaume, na asije mtu akamwambia vinginevyo. Lakini ana X mbili. Vifurushi vyake ni arobaini na saba."

Mlingoti alitazama mikono yake. Alikuwa akifikiria kitu alichokifanya kila asubuhi ya maisha yake.

"Daktari," alisema polepole. "Yaani trei yangu ilikuwa imeshajaa. Halafu nikawekewa moja juu."

"Naam. Ndivyo hasa."

"Nyongeza."

Bi Dirisha aliziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka. Mlingoti naye akacheka. Miaka yote watu walisema amepungukiwa, kumbe alizidishiwa.

"Sasa nani aliyemwongezea?" Mama hakuwa akicheka. Sauti yake ilikuwa ndogo, mara moja katika maisha yake. "Ni mimi? Kuna kitu nilikula?"

"Hapana, mama. Si chakula, si laana, si kosa la mtu. Yai la mama au mbegu ya baba ikitengenezwa, vifurushi hugawanywa. Mara nyingine viwili haviachani vizuri, kimoja kinapita cha ziada. Hutokea kwa bahati tu. Katika kila wanaume mia sita hivi, mmoja amezaliwa hivi. Wengi hawajui mpaka wanapotafuta mtoto."

"Na hiyo ndiyo inazuia mbegu?" aliuliza Bi Dirisha.

"Ndiyo. Tangu anapobalehe, korodani huwa hazikui vizuri. Homoni inakuwa kidogo na mbegu zinakwisha. Ule urefu, ndevu chache, ule uchovu, vyote vinatoka huko. Si joto la tanuri." Daktari alivaa miwani yake. "Lakini msitoke hapa mkamwambia kila mtu kwamba sababu yake ni hii. Mwingine ana kile kifurushi cha Y lakini kimenyofoka kipande. Huyo akisaidiwa kupata mtoto wa kiume, atamrithisha upungufu uleule. Ndiyo maana tunapima kwanza. Mwingine amezaliwa bila mirija ya kupitishia mbegu. Zipo ndani, hazina njia ya kutokea. Na wengine wengi hawana tatizo la kuzaliwa nalo kabisa. Ni maambukizi, au mishipa iliyovimba, na wanatibika. Bila kupima, wote hao wanafanana."

"Mimi je?" Mlingoti aliuliza. "Nitapata mtoto?"

Daktari hakumzungusha.

"Kwa njia ya kawaida, uwezekano ni mdogo mno. Zipo hospitali chache kubwa zinazofanya upasuaji wa kutafuta mbegu ndani kabisa ya korodani. Kwa wanaume kama wewe, karibu nusu yao mbegu chache hupatikana. Zikipatikana, zinakutanishwa na yai maabara. Zisipopatikana, kuna mbegu za kuchangiwa na mtu mwingine, pale sheria inaporuhusu. Kuna kulea mtoto anayehitaji wazazi. Na kuna kuishi wawili kwa amani. Ila kama mnataka kujaribu upasuaji, ufanyike kabla sijakuanzishia homoni. Unajua sababu."

"Zima tanuri," alisema Mlingoti.

"Umefundishwa vizuri. Baadaye utapata homoni, lakini kwa kipimo, kutoka kwangu. Mwili wako unaihitaji kwa ajili ya mifupa na nguvu. Na tutakuwa tunapima sukari, maana wenye hali hii hupata kisukari kwa urahisi zaidi."

Walitoka nje. Mama alitembea nyuma yao mpaka getini. Pale getini alinyoosha mkono kwa mkwewe.

"Lete mkoba huo nikubebee."

"Mwepesi, mama. Nitabeba mwenyewe."

"Nimesema lete."

Bi Dirisha akampa. Habari ya posa haikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine.

*

Walijaribu upasuaji. Madaktari walitafuta kwa darubini, kwa uangalifu, pande zote mbili. Hawakupata mbegu hata moja.

Mlingoti alilala siku nzima akitazama ukuta. Bi Dirisha alikaa kando yake akimenya chungwa. Alimpa nusu, akala nusu.

"Unaweza kwenda," Mlingoti aliuambia ukuta. "Wewe ni mzima. Sitakulaumu."

"Nikuache na tanuri? Utawapa watu nyongeza mpaka ulale njaa. Kula chungwa."

Akala.

Daktari alimwanzishia homoni, kwa kipimo. Nguvu zilirudi, safari hii kwa njia halali. Beseni lilipata kazi ya maana: kukandia unga. Na siku moja Mlingoti alikwenda kiwanjani kwa wanyanyua vyuma, akawasimulia kila kitu, mbele ya Kifua. Wakacheka aliposimulia beseni. Alipofika kwenye tanuri kuzimwa, kicheko kilikata. Kifua naye alijidunga sindano zile zile, na alikuwa na mke, na mke alikuwa na miaka miwili ya kungoja mtoto. Mbele za watu aliendelea kunyanyua vyuma vyake. Lakini wiki ileile Sista Nusu alimwona kliniki, amekumbatia kikopo. Aliacha sindano. Baada ya miezi kadhaa tanuri lake likawaka tena, maana lake halikuwa na tatizo jingine.

Mlingoti na mkewe walikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Waliulizwa maswali mengi. Maofisa walikuja kuona nyumba, wakaona tanuri, wakaomba kijengwe kizuizi mbele yake. Kikajengwa. Wakangoja. Na hatimaye waliletewa mtoto wa kike mwenye miezi michache, aliyeangalia kila kitu kwa mashaka isipokuwa mkate.

Mtaa ulimpa jina kabla wazazi hawajatafuta. Nani asiyejua desturi ya nyumba ile? Wakamwita Nyongeza.

Mama alipofika, hakukaa kwenye gunia. Alimchukua mtoto, akamgeuza huku na huku, akahesabu vidole. Kisha akamfunga mgongoni na kumtembeza mtaa mzima.

"Tazameni miguu hii," aliwaambia watu. "Mirefu! Hii ni miguu ya ukoo wetu kabisa."

"Mama," Mlingoti alimnong'oneza, "huyu mtoto si tumemchukua kwa..."

"Wewe nyamaza. Miguu naijua mimi."

Asubuhi iliyofuata Mlingoti alikuwa mbele ya tanuri, ameshika ubao mrefu, tayari kutoa mikate. Dirishani alifika Sista Nusu.

"Hamjambo humu? Mama Nyongeza! Nipe nusu mkate."

"Marahaba wewe," mkewe aliitika, ingawa hakuna aliyemwamkia shikamoo. Furaha ilikuwa imemchanganya.

Mlingoti alisimama na ubao wake mkononi. Alingoja mteja mwingine aje aite tena, asikie vizuri. Akaja. Akaita. Akaja mwingine, naye akaita.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajenge lile tanuri, mikate iliungua kweli.